Ngara Huchagua Agosti, Biharamulo Huchagua Oktoba

Mwaka 2005 Ngara ilimpeleka bungeni Profesa Feetham Banyikwa. Mwaka 2010 akaja Deogratias Ntukamazina, 2015 Alex Gashaza, 2020 Ndaisaba Ruhoro. Chaguzi nne, wabunge wanne, chama kimoja: CCM. Ukivuka kuingia Biharamulo, hadithi inageuka. Mwaka huo huo wa 2005 Biharamulo Magharibi ilimchagua Phares Kabuye wa TLP, likawa jimbo pekee ambalo chama hicho kilipata nchi nzima. Kabuye alipofariki, uchaguzi mdogo wa Julai 2009 ulimpa kiti Oscar Mukasa wa CCM, aliyemshinda kwa kura chache daktari Anthony Mbassa wa CHADEMA. Mwaka uliofuata Mbassa akakichukua. Mwaka 2015 Mukasa akarudi, na 2020 kiti kikaenda kwa Ezra Chiwelesa, naye wa CCM.

Wapo wanaosoma orodha hizi mbili wakahitimisha kwamba Ngara ni watiifu na Biharamulo ni wabishi. Sikubaliani nao. Wilaya inayobadilisha mbunge kila baada ya miaka mitano haiwezi kuitwa tiifu. Kinachozitofautisha wilaya hizi ni mahali pa kubadilishia. Ngara, mbunge awe amebwagwa au hakurudi kugombea, mrithi wake hupatikana ndani ya kura za maoni za CCM, Julai au Agosti. Ikifika Oktoba, sanduku linathibitisha tu. Biharamulo imezoea kuamua Oktoba yenyewe, na chama chochote kinachosimamisha mtu asiyetakiwa kinajua adhabu yake. Jambo hili lingekuwa dogo kama wapigaji wa Agosti wangekuwa ndio wapigaji wa Oktoba. Sio wao.

Nalisema hili nikiwa na wafuatiliaji wa siasa za Marekani kichwani, maana mpakani mwa Rusumo na Kabanga hawajawahi kukosekana. Ngara ni wilaya ya redio. Radio Kwizera ilianzishwa hapo mwaka 1995, wakati kambi za wakimbizi wa Rwanda zilipokuwa zimefurika, na juu yake zilikuwapo BBC, Deutsche Welle na Sauti ya Amerika kwa Kiswahili. Hizo ndizo zilizotufundisha mwaka 2008 kwamba kuna jimbo linaitwa Iowa, kwamba wakazi wake hukusanyika shuleni na kanisani usiku wa baridi kali kumpima mgombea kabla ya wengine wote, na kwamba Barack Obama, mtoto wa mtu wa Kogelo, alihitaji wajumbe 2,118 ili awe mgombea wa Democratic. Alishinda Iowa tarehe 3 Januari, wiki ile ile ambayo Kenya ilikuwa inaungua kwa matokeo ya urais. Mchuano wake na Hillary Clinton ulidumu hadi Juni, na kila mmoja wao alipata kura zaidi ya milioni 17 za wananchi wa kawaida. Mijadala hiyo ilifika hadi kwetu. Watu walibishana juu ya bima ya afya ya Ohio na vita vya Iraq kana kwamba wameandikishwa kupiga kura.

Ufuatiliaji ule ulikuwa wa kweli na wa akili, wala siungi mkono wanaoudhihaki. Ninachouliza ni hiki: mkazi wa Rulenge au Kabanga asiye mjumbe wa CCM, anapofuatilia nani atapeperusha bendera ya chama jimboni kwake, amekaa kiti gani? Anasikiliza, anabishana, anakisia, anasubiri kutangaziwa. Ni kiti kile kile alichokalia akifuatilia Iowa, ila sasa anayechaguliwa ni mbunge wake mwenyewe.

Kwa hiyo katika hadithi zote za Marekani, inayotuhusu zaidi haina Obama ndani yake. Inatoka Texas. Kwa miongo mingi kusini mwa Marekani kulikuwa na chama kimoja chenye nguvu, Democratic, na aliyeteuliwa nacho alikuwa tayari ameshinda. Uchaguzi wa Novemba ulikuwa utaratibu wa kukamilisha. Mwaka 1923 Texas ilitunga sheria ya kuwazuia Weusi kushiriki kura za uteuzi za chama hicho. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta mwaka 1927. Ndipo ikaja hila: sheria ikaondoa mikono, chama chenyewe kikapitisha azimio la kuwazuia, kikijitetea kwamba chama ni mali ya wanachama wake na kinachagua kitakavyo nani aingie. Mwaka 1935 mahakama ile ile ikakubali utetezi huo. Daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith, akakataa. Wakili wake alikuwa Thurgood Marshall, ambaye miaka mingi baadaye angekuwa jaji wa kwanza Mweusi wa mahakama hiyo. Aprili 1944 majaji wanane dhidi ya mmoja wakaamua kwamba hoja ya mali ya wanachama haisimami pale ambapo kura ya chama imekuwa sehemu ya njia yenyewe ya kumpata kiongozi wa umma. Kumfungia mtu nje ya kura hiyo ni kumnyima haki yake ya kupiga kura.

Silinganishi ubaguzi wa rangi wa Texas na utaratibu wa uwanachama wa CCM. Kadi ya CCM iko wazi kwa kila Mtanzania anayetimiza masharti, na hilo ni tofauti kubwa. Kinachonivuta ni mantiki ya majaji: wao walitazama mahali ambapo uamuzi unafanyika kweli, wakakataa kudanganywa na jina la kikao. Kwetu mantiki hiyo ina uzito mara mbili, kwa sababu hapa hakuna mlango wa pembeni. Mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema ni suala la Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba zuio hilo linakiuka haki. Zuio bado lipo. Mtu wa Ngara anayependwa na kata zote lakini hakupita kwenye kikao cha chama ana njia mbili: akae, au ahamie chama kingine. Katika jimbo ambalo chama kingine hakijawahi kushinda katika kipindi chote nilichokitaja, njia ya pili ni fupi sana.

CCM yenyewe imelipapasa tatizo hili zaidi ya mara moja, na inastahili kupewa haki yake. Tarehe 1 Agosti 2010 chama kilifungua kura za maoni kwa wanachama wote wenye kadi, kwenye matawi yao. Ulikuwa uamuzi mkubwa. Wakongwe kadhaa walianguka, baadhi yao wakiwa mawaziri. Utaratibu huo ukatumika tena 2015. Malalamiko nayo yakaja kwa wingi: kadi zilizogawiwa dakika za mwisho, daftari za tawi zenye majina yasiyojulikana, fedha zilizosambazwa na wapambe usiku. Mwaka 2020 chama kikarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Maelfu ya watia nia walichukua fomu kugombea majimbo 264, kura zikahesabiwa hadharani, na nchi nzima ikaokota msemo ambao bado unatembea: wajumbe si watu wazuri.

Msemo huo ulichekesha, lakini ulimlenga mtu asiyestahili lawama yote. Mjumbe wa Rusumo au Nyakahura alipewa ukumbini watu wengi, kila mmoja akiwa na dakika chache za kujieleza na kuombea kura. Hakuna binadamu anayeweza kupima uwezo wa mtu kwa muda huo. Anabaki na vitu vitatu vya kuamulia: anamfahamu, ametumwa, au amepewa. Ukiondoa mjadala kwenye uteuzi, umeacha pengo ambalo fedha inaliziba kirahisi, na hakuna semina ya TAKUKURU inayoweza kulifunika. Tulishajaribu upande wa sheria. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa kisheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaibatilisha Aprili 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa hata mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Sheria hizo ni nzuri kuwa nazo. Lakini mjumbe ambaye hakusikia hoja hana cha kuiweka kwenye mizani upande wa pili wa bahasha.

Halafu kuna hatua inayofuata kura. Matokeo ya wajumbe ni maoni, na vikao vya juu vinaweza kuyageuza. Kawe, Dar es Salaam, ni mfano unaojulikana: mwaka 2020 Askofu Josephat Gwajima alishika nafasi ya tatu kwenye kura za maoni na ndiye aliyeteuliwa. Mwaka 2025 chama kiliongeza wajumbe hadi ngazi za chini, na tarehe 4 Agosti wakapiga kura. Lakini mchujo wa kwanza wa majina ulikuwa umefanywa Dodoma kabla yao. Hivyo mjumbe yuko katikati ya malango mawili, la mbele na la nyuma, na yote mawili hana ufunguo wake.

Wazee wa wilaya hizi wanakumbuka utaratibu mwingine, na nashangaa jinsi tunavyoutaja kwa nadra. Mwaka 1965, wakati Ngara na Biharamulo zikiwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, Tanganyika ilifanya uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. TANU haikumsimamisha mtu mmoja kila jimbo. Mkutano wa wilaya ulipiga kura kuwapanga waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na hao wawili wakapelekwa kwa wapiga kura wote, mmoja akiwa na alama ya jembe, mwingine nyumba. Mgombea hakuruhusiwa kuendesha kampeni yake kwa fedha zake. Chama kiliandaa mikutano, wagombea wote wawili wakapanda jukwaa moja, wakasema kwa Kiswahili, wakaulizwa maswali na wananchi. Kutaja kabila, dini au rangi kama sababu ya kuchaguliwa kulikatazwa, na kudai kwamba Mwalimu Nyerere anakuunga mkono kulikatazwa vilevile. Matokeo yake, wabunge wengi waliokuwa madarakani walipoteza viti, na aliyeshangaza zaidi ni Waziri wa Fedha, Paul Bomani.

Sitamani kurudi kwenye chama kimoja. Mfumo ule ulifunga mjadala kuhusu mwelekeo wa nchi, na juu kabisa, kwenye urais, palikuwa na jina moja na kivuli. Hata hivyo ngazi ya jimbo ilikuwa na kitu ambacho kura za maoni za leo hazina: uamuzi wa mwisho kati ya makada wawili wa chama kilekile ulifanywa na kila mpiga kura, baada ya kuwasikia wakiwa pamoja. Wakenya walipata kinyume chake mwaka 1988, KANU ilipowapanga watu kwa mlolongo nyuma ya wagombea na kuweka kanuni kwamba atakayepata asilimia 70 amepita moja kwa moja, bila kura ya siri ya wananchi. Nchi mbili jirani, chama kimoja kimoja, na matokeo mawili tofauti kabisa kwa sababu ya kanuni za uteuzi.

Urais nao una mfano wake, na una mizizi Biharamulo. Mwaka 2015 makada zaidi ya 40 walichukua fomu za CCM. Julai Kamati Kuu ikabakiza watano: John Magufuli, Bernard Membe, Asha-Rose Migiro, January Makamba na Amina Salum Ali. Jina la Edward Lowassa likakatwa, na baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba ukumbini kwamba wana imani naye. Watano wakawa watatu, na mkutano mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Magufuli alisoma Seminari ya Katoke, wilayani Biharamulo, na tangu 1995 alikuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki, jimbo lililokuja kuitwa Chato na kuhamia Mkoa wa Geita pamoja na wilaya yake. Biharamulo ilikuwa na kila sababu ya kuwa na neno juu ya mwanafunzi wake wa zamani, jema au baya. Ilimjua miaka 20 kabla ya wengi wa wajumbe wale. Haikuulizwa. Watu wasiofika 2,500 waliamua kwa niaba ya nchi yenye wapiga kura milioni 23 walioandikishwa, na kati ya watatu hao hapakuwa na mdahalo hata mmoja wa hadhara. Lowassa akahamia CHADEMA mwezi huo huo na Oktoba akapata karibu asilimia 40. Kwa maneno mengine, mjadala ambao CCM haikuufanya ndani ulihamia nje na kuwa uchaguzi mkuu.

Nitaulizwa: CHADEMA je? Januari 2025 kilifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililokaribia zaidi kura za uteuzi za Marekani katika historia yetu ya vyama vingi. Tundu Lissu na Freeman Mbowe walishindania uenyekiti wa taifa kwa wiki kadhaa, wakipingana waziwazi juu ya fedha za chama, mazungumzo na serikali na ukomo wa uongozi. Usiku wa kuhesabu kura ulitangazwa moja kwa moja, na watu walikesha. Lissu 513, Mbowe 482. Aliyeshindwa akampongeza aliyeshinda. Wapigaji walikuwa wajumbe kama elfu moja tu, kwa hiyo tusiite uchaguzi wa wananchi. Hata hivyo kila aliyesikiliza alijua wajumbe wale wanachagua kati ya nini na nini. Siku chache kabla, Dodoma, mkutano mkuu wa CCM ulikuwa umempitisha Rais Samia Suluhu Hassan bila jina la pili mbele ya wajumbe.

Lililofuata linajulikana. CHADEMA hakikuwamo kwenye karatasi ya kura ya Oktoba 2025, Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia mshindi kwa karibu asilimia 98, na damu ikamwagika. Kwa mtazamo wa safu hii, mwaka ule Biharamulo na sehemu kubwa ya nchi zilisogezwa kuwa kama Ngara: Oktoba ikapoteza uzito, mzigo wote ukarudi Agosti. Mpaka Oktoba irudishiwe ushindani wake, na lazima irudishiwe, kura za maoni za CCM haziwezi kuachwa kuwa jambo la familia.

Wanaopinga wazo la kufungua uteuzi wana hoja nzito, na Marekani inawasaidia. Kule fedha zinatisha. Wanaojitokeza kwenye kura za uteuzi ni wachache na mara nyingi ni wakali kuliko wapiga kura wa kawaida. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa na Democratic bila kushindana katika kura hizo hata jimbo moja, ghasia zikalipuka Chicago, na mageuzi yaliyofuata ndiyo yaliyowapa wanachama nguvu waliyonayo leo. Lakini mwaka 2024, Joe Biden alipojitoa Julai, Kamala Harris alipata uteuzi bila kushinda kura za jimbo lolote. Mfumo wowote unaweza kuzungukwa. Na mwanachama wa tawi maskini ni rahisi kununuliwa kama mjumbe, pengine kwa bei ndogo zaidi. Yote haya nayakubali. Ndiyo maana sianzi na kuongeza idadi ya wapigaji. CCM iliongeza 2010, ikapunguza 2020, ikaongeza 2025, na malalamiko yamebaki yaleyale.

Naanza na mjadala, kwa sababu unagharimu kidogo na hakuna anayeweza kuununua wote. Iowa haikumjenga Obama kwa ukubwa wake. Ilimjenga kwa miezi ya kuulizwa maswali na watu wachache waliokuwa na muda naye. Ngara ina mambo ya kuulizia. Nikeli ya Kabanga iko ardhini mwake. Tangu mkataba wa Januari 2021 serikali ina asilimia 16 ya kampuni ya Tembo Nickel, na mpango umekuwa kwamba usafishaji wa madini ufanyike Kahama. Mtia nia wa Ngara anasemaje kuhusu hilo, na anatofautianaje na mtia nia aliyekaa kulia kwake? Biharamulo ina malori ya Nyakanazi na Lusahunga yanayobeba mizigo ya Rwanda na Burundi: wilaya inabaki na nini zaidi ya vumbi na ajali? Maswali hayo hayahitaji ukumbi wa kifahari. Redio ipo. Saa mbili kila jioni kwa wiki mbili, watia nia wote mezani, wapigaji simu kutoka kila kata, wenye kadi na wasio na kadi, na mjumbe akaingia kwenye kikao akiwa amesikia kile ambacho jirani yake amesikia.

Kanuni za uteuzi za CCM zinaandikwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, wala hazihitaji Bunge kubadilishwa. Kikao kimoja kinaweza kuruhusu midahalo ya pamoja ya watia nia redioni kabla ya kura, kikaacha marufuku ya kampeni za mmoja mmoja pale ilipo. Kikao hicho hicho kinaweza kuagiza kwamba aliyeongoza kura za maoni akiachwa, sababu zisomwe jimboni kwake kabla fomu ya mwingine haijapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, na zisomwe mbele ya wajumbe waliompa kura.